Safari za Mgebuka

1

Mtoto wa tatu alifariki Uvira asubuhi ya Jumatatu, na kabla chai haijapoa mkononi mwa Asumini Feruzi, ukuta mzima wa ofisi yake ulikuwa umejaa nyuso zinazomsubiri yeye.

"Mama Asumini," alisema Profesa Kabulo kutoka Kalemie, mwenyekiti wao, mwanamke mrefu ambaye siku hiyo hakuwa amefunga kilemba. "Bujumbura ameweka kiganja. Mpulungu ameweka. Mimi nimeweka usiku uleule wa mtoto wa pili. Tumebaki na wewe tu."

Pembeni mwa ukuta taa tatu zilikuwa zinawaka kijani. Ya nne, ya Kigoma, ilikuwa ya kijivu, na kioo chake kilikuwa juu ya meza ya Asumini, kidogo tu, cha kutosha kiganja kimoja. Alikuwa amekifunika na sahani ya maandazi tangu juzi. Mtu akitaka kusema ni utoto, aseme.

Kituo chenyewe kilikaa kwenye mteremko unaoshuka kutoka Mwanga kwenda ziwani, jengo fupi lisilovutia jicho la mtu, na mabomba yote ya majitaka ya mji yalipita chini yake kabla ya kufika kwenye mabwawa. Ndani ya mabomba ndimo zilimokaa pua. Wahandisi walikuwa na jina lao refu, lakini mji mzima uliziita pua na wahandisi wakasalimu amri. Pua ilikuwa kifaa cha ukubwa wa ngumi kilichoning'inizwa ndani ya maji hayo, kikinusa vinasaba vya kila kijidudu kinachopita na kutambua kipi kimeshazoea dawa gani. Pua za Kigoma zilizungumza na za Bujumbura, za Uvira na Kalemie, mpaka za Mpulungu kule kusini, na nchi nne zilizolizunguka Ziwa Tanganyika zilikuwa zikitazama ramani moja.

Kila kijidudu kipya kilichoonekana kilipewa jina la samaki wa ziwa hilo. Hapo waanzilishi walitumia akili. Ukikiita kijidudu kwa jina la mji, kesho mji huo utasusiwa bidhaa zake, hoteli zake na hata mabinti zake. Samaki hana pasipoti. Kwa hiyo alikuwepo Kuhe, akaja Sangara, na sasa alikuwepo Mgebuka, ambaye alikuwa amezishinda dawa zote isipokuwa moja, na hiyo moja figo za mtoto mchanga haziiwezi.

"Ukiweka kiganja," aliendelea Profesa Kabulo, "mfumo wa majina utafunguka leo hii. Pua zitaacha kuishia mtaani. Zitapanda bomba kwa bomba mpaka kwenye choo cha nyumba, tutalinganisha na sura zilizopita bandarini, na kabla ya jioni tutakuwa na jina la mtu. Malango yote ya ziwa yatamkataa. Mgebuka atakosa gari."

"Najua unavyofanya kazi, Profesa. Nilikuwepo ulipoundwa."

"Ulikuwepo, na ukausaini."

"Nilisaini uundwe. Sikusaini ufunguliwe."

Ndayizeye wa Bujumbura alikohoa. Alikuwa mzee kuliko wote, mzaliwa wa Buyenzi, mtu wa mizaha, lakini siku hiyo uso wake ulikuwa umekauka. "Mdogo wangu, binti yangu ana mimba ya miezi minane. Sikuambii kwa kukusukuma. Nakwambia ujue nimelala vipi."

Asumini alijua. Alijua pia jambo ambalo wote wanne walilijua na hakuna aliyependa kulisema siku kama hiyo. Katika nchi moja ya mbali mfumo wa namna hii ulishafunguliwa. Waliotajwa majina walifukuzwa kwenye nyumba za kupanga na kwenye misikiti na makanisa, na walioona hayo wakaacha kutumia vyoo. Wakaenda vichakani, wakaenda mitoni. Baada ya muda mfupi pua za nchi ile zilibaki zikinusa maji ya mvua, huku ugonjwa ukitembea juu ya ardhi bila mtu wa kuuona.

Na zaidi ya hilo lilikuwepo neno lake mwenyewe. Mabomba yalipolazwa Ujiji, wanawake walijaza mawe kwenye mashimo. Asumini alisimama sokoni na kipaza sauti, akaapa kwa jina la Mungu na la mama yake kwamba pua zitaujua mtaa lakini hazitamjua mtu kamwe. Mawe yakaondolewa siku ileile.

"Niliapa," alisema.

"Mtoto wa leo hakuwepo sokoni," alijibu Profesa Kabulo bila kupandisha sauti. "Yeye hukumwahidi chochote?"

Asumini aliitazama sahani ya maandazi. "Nipeni mpaka Ijumaa. Nimtafute Mgebuka kwa njia nyingine. Nikishindwa nitaweka kiganja mwenyewe, hakuna atakayenisukuma."

"Ijumaa baada ya sala," alisema Profesa Kabulo, na uso wake ukazimika ukutani.

2

Siku hiyo nzima na iliyofuata Asumini hakutoka kwenye ramani. Ndayizeye alibaki naye hewani, maana yeye naye alikuwa hawezi kukaa nyumbani akimtazama binti yake.

Mashine iliyochora ramani hiyo ilikuwa imeshajaribu kila kitu. Iliyafuata malori, ikazifuata meli za mizigo, ikavifuata vifaranga vinavyouzwa toka nchi hadi nchi, ikawafuata mpaka ndege wanaohama. Hakuna kilicholingana. Mgebuka alitokea kwenye mtaa mmoja, akawaka mwekundu, akakaa, kisha akafifia taratibu. Baada ya hapo aliwaka ng'ambo ya ziwa, mtaa mmoja tena. Miezi ya mwisho ndipo alipoanza kuacha cheche nyuma yake, hapa na pale, hasa Uvira.

"Huyu ana adabu za mgeni," alisema Ndayizeye, akijaribu kurudisha mizaha yake. "Anafika, anakaa, anaaga. Pale Buyenzi alikaa mtaa wa nyuma ya kwangu. Nakumbuka alivyozimika, maana ndiyo wiki tuliyokula pilau ya arobaini kwa jirani. Nikamwambia mke wangu, Mgebuka naye tumfungie sahani yake, anaondoka na wageni."

Alicheka peke yake.

"Jirani alikuwa amezaa?" aliuliza Asumini.

"Binti wa jirani. Ilikuwa arobaini ya uzazi, si ya matanga."

"Na alikuwa na mtu wa kumkanda?"

"Mzazi gani Buyenzi atakaa bila kukandwa? Walimtoa huko kwenu, bibi mmoja mcheshi, nasikia mikono yake…"

"Kaka, ishia hapo. Usinitajie."

Akakata mawasiliano bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mzee huyo.

Kando zote za ziwa hilo wanaishi watu wa ukoo mmoja waliotawanywa na biashara za mababu, na mipaka iliwakuta wakiwa tayari wameoana. Binti akijifungua Uvira, mwenye mikono ya kumkanda ataitwa kutoka Ujiji, na hakuna atakayeona ajabu. Atafika na mafuta yake ya mawese na vitambaa vyake vya kufungia tumbo. Atamkanda mzazi kwa maji ya moto asubuhi na jioni, atamwogesha mtoto, atakisafisha kitovu chake, na hatatoka humo ndani mpaka arobaini itimie. Mashine iliyajua malori yote na ratiba zake. Arobaini hakuna aliyewahi kuifundisha, kwa sababu walioiunda ama walikuwa wanaume, ama walikuwa wanawake kama Asumini ambao waliona mambo ya uzazi ni ya nyumbani.

Aliirudia ramani mtaa kwa mtaa, na safari hii hakuhitaji mashine. Mtaa wa Kalemie uliowaka mwaka jana ndimo alimokuwa akiishi binamu yake, ambaye alipata mapacha. Ule wa Mpulungu ndimo alimoolewa mtoto wa shangazi. Uvira ndiko kwa Riziki, binti wa ukoo wao, na Riziki ndiye aliyezika mtoto wa kwanza kati ya wale watatu. Picha zote za arobaini hizo Asumini alikuwa nazo kwenye simu, zimetumwa na ndugu, na katika kila moja, amekaa mkekani na mtoto mapajani, alikuwepo mtu yuleyule.

Mama mdogo Zaituni. Mdogo wa mama yake, aliyemlea baada ya mama kufariki, na aliyemkanda yeye mwenyewe kwa wanawe wote wawili.

Asumini aliogopa. Aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu aanze kazi hiyo, na katikati ya hofu kulikuwa na aibu pia. Alikuwa ameukataa mfumo wa majina, na sasa kichwa chake mwenyewe kilikuwa kimefanya kazi ileile ya mfumo, bomba kwa bomba, mpaka chooni. Akimwambia Zaituni, amevunja kiapo. Akinyamaza, Zaituni atapanda meli ya Alhamisi kwenda Kalemie, ambako Mwavita, mjukuu wake, yuko siku za mwisho za mimba yake. Akiweka kiganja, mashine itamtaja Zaituni kwa nchi nne, na baada yake itaendelea kutaja wengine.

Alivaa viatu na kwenda Ujiji.

3

Alimkuta uani, amezungukwa na mizigo. Bi Zaituni alikuwa mnene, mwepesi wa mwili hata hivyo, na mdomo wake haukumwogopa mtu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Leo serikali imekumbuka njia ya Ujiji? Kaa. Usikalie mawese yangu."

Asumini alikaa kwenye kigoda akatazama vitu vinavyoingia begini: chupa za mawese, tangawizi na pilipili manga za kutia kwenye uji wa mzazi, vitambaa vya tumbo vimekunjwa vizuri. Mwishoni, kikiwa kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, taulo nene la rangi ya chai, lililoliwa pembezoni kama limetafunwa na panya.

Alijaribu ujanja kwanza, na hilo halikumletea sifa. "Mama mdogo, nina mwenzangu kazini amejifungua. Naomba nimwazimie hilo taulo, kwa leo tu."

"Taulo la kukandia haliazimwi. Umewahi kuona fundi anaazimisha mkono wake?"

"Mbona bichi?"

"Nilitumia juzi kwa mke wa Feruzi mdogo."

"Halianikwi?"

"Litaanikwa wapi? Nje? Kitu cha mzazi kikae kwenye kamba, kila anayepita akitupie jicho?" Bi Zaituni aliacha kufungasha. "Asumini, wewe tangu mtoto ukitaka kudanganya unashika sikio. Liachie sikio uniambie kilichokuleta."

Asumini akaliachia sikio.

"Nimekuja kukwambia kitu nilichoapa sitamwambia mtu yeyote."

"Basi usikiseme."

"Nikinyamaza, mtoto wa Mwavita anaweza kufa."

Akamweleza. Hakutumia maneno makubwa, maana Bi Zaituni alikuwa na akili kuliko wengi waliokuwa wakimjia na maneno makubwa. Alimwambia kuna kijidudu, kinaishi tumboni mwa mtu mzima bila kumdhuru, kinapanda mkononi na kwenye kitambaa kibichi, na kikimwingia mtoto kwa kitovu dawa zinakuwa bure. Alimwambia kinatembea kwa arobaini. Alimtajia miji.

Bi Zaituni alisikiliza mpaka mwisho. Jirani upande wa pili wa ukuta alikuwa anatwanga.

"Kwa hiyo umeninusa," alisema.

"Pua hazijakutaja. Nimekutaja mimi."

"Afadhali zingekuwa pua. Pua sikuzilea mimi." Alikunja kanga yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. "Ulipotuhutubia pale sokoni, unajua nani aliwaambia wanawake watoe mawe? Walikuwa hawataki. Niliwaambia huyu ni mtoto wetu, akisema kitu amesema. Nikalitoa la kwanza mimi."

"Sikujua."

"Sasa umejua."

Asumini hakuomba msamaha. Aliona ukiomba msamaha kwa jambo ambalo ungelifanya tena, unampa mtu mzigo wa pili.

"Wale wa Uvira," Bi Zaituni aliuliza, na sauti yake ikawa ndogo. "Ni mimi?"

"Nadhani, mama mdogo. Bila kukupima siwezi kuapa."

"Usiape tena, tafadhali. Wawili niliwaogesha kwa mikono hii. Yule wa Riziki alikuwa anapenda maji, ukimtoa analia. Lakini wa juzi simjui. Wa juzi alikandiwa mamake na Salma."

"Salma nani?"

"Mwanafunzi wangu. Nilimkatia Ramadhani iliyopita."

"Ulimkatia nini?"

Bi Zaituni alimtazama kama mtu anayemwona msomi wake kwa mara ya kwanza. "Nyinyi mmesoma nini huko? Msichana akishaiva, mwalimu wake anamkatia kipande cha taulo lake, anakishonea kwenye lake. Ndiyo baraka yake. Hili nililo nalo lina kipande cha mwalimu wangu. Na mimi nimewakatia wengi, Bujumbura, Kalemie, Uvira ndio usiseme. Wengine wamekwisha kata nao wakagawa."

Hapo Asumini alizielewa cheche za Uvira. Mfumo wa majina ungemtaja Zaituni kabla ya jioni, malango yangemkataa, mtandao wa pua ungepumua na kutangaza kwamba kazi imekwisha. Na vipande vingebaki kwenye mifuko yake ya plastiki, vibichi, kila kimoja kikisubiri mzazi wake. Mashine isingeweza kuvijua. Nani kamkatia nani kulikuwa ndani ya kichwa kimoja tu, na kichwa hicho kingekuwa kimeshatukanwa na nchi nne. Nani angekiuliza kitu kikajibu?

Akamwambia hayo yote, kama yalivyo, na kwamba kila kipande lazima kichomwe.

"Wakisikia kwako watachoma?" aliuliza Bi Zaituni.

"Kwangu? Watasema wazungu wameanza tena."

"Na wakisikia kwangu?"

"Watachoma. Lakini watajua ni wewe."

"Riziki atajua."

"Atajua, mama mdogo."

Bi Zaituni aliinuka, akaenda kwenye pipa, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, kisha akasimama anaitazama inavyochuruzika maji. Asumini alitamani kwenda kumshika na hakuthubutu.

"Washa hiyo simu yako," alisema hatimaye. "Yangu hunikatikia katikati."

Akakaa wima kama anayepigwa picha, akaongea mara moja, hakurudia.

"Mimi ni Zaituni binti Kasongo, mkandaji, wa Ujiji. Kila niliyemkatia taulo, na kila aliyekatiwa na niliyemkatia, alichome leo, lote, asibakize uzi. Msiliweke kwa ajili yangu. Vitambaa vya mzazi vichemsheni na mvianike juani, anayetaka kutia jicho atie. Nendeni mkapimwe kabla ya kumshika mzazi mwingine. Mimi nilibeba ugonjwa sikujua, na watoto wawili wa Uvira walipita mikononi mwangu. Wazazi wao wakitaka kuniuliza, nipo nyumbani kwangu. Sijakimbia."

Asumini akaanza kulia.

"Utalia baadaye," alisema mama mdogo wake. "Tuma kwanza. Halafu ulete hicho kipimo chako, nikae nacho chooni tumalize."

4

Ijumaa baada ya sala ukuta ulijaa nyuso tena. Sauti ya Bi Zaituni ilikuwa imeshazunguka ziwa na kurudi. Salma alikuwa wa kwanza kuchoma, mbele ya mlango wake Uvira, na wengine walimfuata kwa ukaidi uleule ambao zamani waliutumia kujaza mawe. Wakandaji walikuwa wamepanga foleni kwenye zahanati kupimwa kwa hiari yao. Kwenye ramani mitaa mipya ilikuwa imejitokeza ambayo hakuna aliyeijua, kwa kuwa wanawake waliitaja wenyewe.

"Mashine yetu ingempata mmoja," alisema Profesa Kabulo. "Nakiri. Sasa niambie, mama yule mlimpataje?"

Bi Zaituni alikuwa amemfundisha jibu. Sema nilikuja mwenyewe, alimwambia; nani atajua? Lilikuwa jibu zuri, na Ndayizeye kwenye kona yake ya ukuta alikuwa akimtazama kama anayemsihi alitumie.

"Nilimfuata," alisema Asumini. "Niliitumia ramani mpaka mtaani, kisha nikaitumia familia yangu mpaka kwake. Nilimwambia kilichomo mwilini mwake bila yeye kuniomba. Nimevunja kiapo."

"Lakini amekubali mwenyewe," Ndayizeye aliingilia. "Profesa, ameridhia."

"Ameridhia baada," alisema Asumini. "Kiapo kilikuwa cha kabla."

Profesa Kabulo alivua miwani. "Unajua kanuni. Ufunguo wako unafutwa, na kazi unaiacha. Na mfumo wa majina unafungwa mpaka mrithi wako aapishwe mbele ya watu wa Kigoma, nao wamkubali."

"Ninaijua. Niliiandika mimi."

"Kwa hiyo unapokiri unatufungia mlango."

"Nakiri kwa sababu ni kweli. Mlango watu wa Kigoma wataamua. Safari hii mwulizeni mwenye choo."

Ilionekana Profesa Kabulo atasema neno kali, na huenda lilikuwa haki yake, maana watoto watatu walikuwa wa upande wake. Badala yake alivaa tena miwani. "Kalemie yote sina mkandaji aliyepimwa akawa safi," alisema. "Na wazazi hawangoji kanuni zetu."

Asumini aliiondoa sahani ya maandazi, akaweka kiganja juu ya kioo, akasema maneno ya kujifuta. Taa ya kijivu ikazimika kabisa. Chumba hakikubadilika, na yeye alikusanya kanga yake na kikombe chake akatoka.

5

Mwavita alijifungua mtoto wa kike Kalemie, na mamamkwe wake alituma ujumbe mfupi: bibi aje, lakini asiguse.

Bi Zaituni alikwenda. Kipimo kilikuwa kimemkuta na Mgebuka kama walivyohofia, na ingechukua muda mrefu kumtoa, kama atatoka. Riziki alikuwa amempigia simu kabla ya meli kuondoka. Waliongea mlango umefungwa, na walichoambiana Bi Zaituni hakukisema siku hiyo wala baadaye. Melini alikaa karibu na dirisha bila mzaha hata mmoja, na Asumini, ambaye sasa hakuwa na kazi wala cheo, alimbebea begi, na ndiye ambaye angemshika mtoto badala yake.

Mamamkwe wa Mwavita aliwapokea mlangoni na hakusogea. Nyuma yake walijaa mashangazi, na majirani wawili watatu waliokuja kushuhudia.

"Bibi tunamjua, ametueleza yake," alisema. "Huyu atakayeshika ni nani? Naye ametoka nyumba ileile."

Asumini alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, kwa kuwa alikuwa amelisema miaka yote kwa watu wa kila namna: kilicho mwilini mwa mtu ni siri yake. Alimtazama Bi Zaituni, naye alikuwa ametazama pembeni, hamsaidii.

Akakitoa kipimo chake mwenyewe mkobani, akakiinua waone kioo chake, akasoma kwa sauti ya kusikika mpaka barazani.

"Asumini binti Feruzi. Mgebuka, sina. Sangara, sina. Kuhe ninaye. Sijui nilimtoa wapi, wala tangu lini."

Mashangazi walinong'ona. Aliona jinsi jirani mmoja alivyorudi nyuma hatua moja, na akajua hatua hiyo atakwenda nayo kokote.

"Huyo Kuhe anaua?" aliuliza mamamkwe.

"Ana dawa. Dawa ya kawaida inamtoa."

Mama yule alifikiri, bila haraka, kama mtu mwenye haki ya kufikiri. "Nawa mpaka viwikoni," alisema. "Kitovu hutagusa, nitakisafisha mimi. Ingia."

Ndani kulikuwa na joto la maji yaliyochemka. Bi Zaituni alikalishwa kwenye kiti karibu na mlango, mbali na kitanda, akaificha mikono yake ndani ya kanga na kuikalia. Mtoto alipofunuliwa alianza kulia, na mwili wote wa Bi Zaituni ulikwenda mbele, kisha ukarudi.

"Maji ya moto sana hayo," alisema. "Punguza. Weka kiwiko, usiweke vidole, vidole vyako vya ofisini havina habari."

Asumini akapunguza, akaweka kiwiko. Alimwinua mtoto kutoka kwenye kitambaa kikavu, akamteremsha kwenye beseni.

"Kichwa, mwanangu," alisema Bi Zaituni toka kwenye kiti. "Mshike kichwa."

Asumini akamshika kichwa.